Manjano Mbele ya Mama Mkwe

Jumamosi mama mkwe alisimama barazani kwetu, kwenye nyumba ya kupanga mjini Kisii, akainua jani moja la manjano la chinsaga yangu ya ndooni kwa ncha za vidole, akauliza kwa upole: "Mwanangu, hii inapikwa au inazikwa?"

Nikasema inapumzika. Hakucheka. Alifungua kikapu alichotoka nacho Nyamira, akatoa fungu la chinsaga ya kijani iliyokolea, akaliweka mezani kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

Huku kwetu mvua haijui likizo. Ukichomeka kigingi cha ua, kinachipua. Tena chinsaga ndiyo mboga anayopikiwa mzazi aliyetoka kujifungua. Mke kushindwa na chinsaga ni jambo la kuitishiwa kikao.

Basi nikaichunguza. Manjano yana tabia zake. Yakianzia majani machanga ya juu, mishipa ikabaki kijani, mara nyingi mmea umekosa madini ya chuma, maana chuma kikishaingia jani moja ni vigumu kuhama. Nitrojeni ndiyo mhamaji. Ikipungua, mmea hubomoa klorofili ya majani ya chini, ukayapora nitrojeni yao na kuipandisha kwa vichipukizi. Wazee wanafishwa kwa njaa ili watoto wale! Niliutazama unyang'anyi huo hadi ugali ukaungua, kwa sababu manjano yangu yalianzia chini.

Lakini samadi si nilitia? Nikaimwaga ndoo. Nusu ya "udongo mweusi wa msitu" niliouziwa na kijana wa mkokoteni ilikuwa vumbi la mbao. Vumbi bichi lina kaboni tele na nitrojeni kiduchu. Bakteria na kuvu wanaolila hawawezi kujenga miili kwa kaboni pekee, kwa hiyo huichota nitrojeni ya udongo mbele ya macho ya mizizi, na hawairudishi mpaka wafe. Shambani mizizi ingetambaa ikatafute kwingine. Ndani ya ndoo ya lita 20 itambae iende wapi?

Na kwa nini nalima ndoo? Shamba la baba lilipogawanywa, kaka zangu walipimiwa vipande vyembamba vinavyoteremka hadi mtoni. Mimi nikapimiwa baraka. Katiba ya 2010 inanihesabu sawa nao, lakini nilipoitaja, wazee walioshika kamba waliniambia nitalima kwa mume. Kwa mume nako ndugu ni wengi, wote wanaume, na kamba ni ileile. Siku moja nitamwuliza mama mkwe yeye alipewa ekari ngapi kwao.

Kwenye ndoo nyingine, sukuma wiki imeungua kingo kwa mbolea mbichi ya kuku aliyonisifia jirani. Dhania imegeuka zambarau kwa baridi. Managu ilinawiri sana, ikaliwa na kuku walewale. Mwenye nyumba anataka ndoo ziondoke barazani kabla ya mwisho wa mwezi.