Kila koti jeupe ni dokta

Ukifikishwa idara ya dharura usiku, madaktari ni wengi ajabu. Aliyesukuma kitanda, dokta. Kijana wa maabara, dokta. Hata aliyekuja kuulizia kadi ya bima, shikamoo dokta. Daktari mwenyewe, binti mwembamba mwenye kitambulisho kilichogeuka (daima hugeuka!), unamwambia: "Nesi, hebu niitie dokta."

Uingereza, mwaka 2013, daktari Kate Granger alilazwa akiugua saratani, akashangaa wahudumu hawajitaji. Akaanzisha kampeni ya maneno machache tu: "Habari, jina langu ni..." Dawa hiyo haina bei, labda ndiyo maana haipatikani.

Kwetu faili linajua jina langu, umri, dini na simu ya shemeji. Aliyenishona mimi namjua kwa kandambili zake za bluu.