Sifa za Fukuto na Radi

Joto la kiangazi nchini Tanzania halijapata mtetezi. Lawama zake huanza Oktoba, jua likipita utosini kuelekea kusini, na haziishi hadi Machi, jua likirudi. Wanaolilaani ndio haohao wanaoombea mvua, ilhali mvua hiyo ni kazi ya joto lilelile: ndilo linalonyanyua mvuke wa bahari, ziwa na mbuga, likaupandisha kilomita kumi na zaidi, hadi ukawa wingu jeusi lenye ngurumo. Kibarua wa namna hii, asiyedai posho wala likizo, anastahili angalau shukrani.

Dar es Salaam, sifa yake kubwa ni usawa. Kati ya Desemba na Machi, kaskazi ikivuma, mchana hufika nyuzi 32 au 33, na usiku joto huwa zito kushuka chini ya 25. Jasho halikauki kwa kuwa hewa yenyewe imekwishashiba maji. Ndani ya daladala iliyokwama kwenye foleni, mwenye suti na mwenye kandambili hulowa mgongo kwa kipimo kimoja, jambo ambalo hotuba nyingi zimeliahidi bila kulifikisha. Umeme ukikatika na feni ikasimama, fukuto huwatoa watu vyumbani na kuwaketisha barazani, wakijipepea kwa vipande vya boksi, na majirani waliopishana mwaka mzima hatimaye hujuliana hali. Kiyoyozi hakijawahi kufanya hisani hiyo.

Joto la Dodoma lina adabu zaidi. Hewa ni kavu, jasho huondoka kabla halijaonekana, na mtu huweza kuishiwa maji mwilini huku kola yake ikiwa safi. Zabibu hulipenda, nalo huzilipa kwa sukari.

Lakini ufundi wenyewe uko Ziwa Victoria. Mchana nchi kavu huchemka haraka kuliko maji, upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu hujipanga juu ya vilima alasiri. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na uvuguvugu wake, na pepo za pwani zote hukimbilia katikati, zikagongana na kupaa. Ndiyo maana radi ya ziwani hufanya kazi zamu ya usiku, saa zilezile wavuvi wa dagaa wako majini na taa zao. Kwanza upepo hukatika ghafla. Kisha baridi hushuka, taa huanza kuyumba, na mawimbi huja yakitoka pande mbili. Wenye uzoefu huvuta nyavu bila kujadiliana. Hapo sifa za radi inafaa zisomwe na mtu aliyeko ufukweni, maana ziwa halirudishi kila mtumbwi.

Kunapopambazuka, dhoruba hizo husukumwa magharibi hadi Bukoba, mji unaopata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara tatu ya Dodoma. Huko mvua hupenda kufika asubuhi, wanafunzi wakiwa wamekwishavaa sare. Migomba haijalalamika.

Isisahauliwe kwamba kila mwako wa radi huchoma hewa hadi nyuzi 30,000 hivi na kuilazimisha naitrojeni iungane na oksijeni. Mvua huiteremsha shambani ikiwa mbolea, kidogo lakini bila vocha ya ruzuku. Mvua ya mawe inayochana majani ya mahindi kule Njombe haina utetezi wa aina hiyo, na mwenye kuisifu atafute hoja zake mwenyewe.

Dhuluma kubwa dhidi ya radi ni kunyang'anywa kazi yake. Watu hufunika vioo, huvua nguo nyekundu, na mzaha wa miaka mingi huitaja Sumbawanga kama mahali radi hutumwa kwa mtu kama kifurushi. Kumbe kanuni yake ni nyepesi: hupendelea kilicho kirefu mahali pa wazi, kama mwembe ulio peke yake, mlingoti, au mkulima aliyesimama katikati ya shamba tupu, jembe begani. Hufanya yote hayo kwa sekunde isiyotimia, na mwembe ukishapasuka, sifa yote hupewa shangazi wa watu.