Mwongozo wa Fundi Asiye na Subira: Ubao wa Katani Wenye Matundu ya Uhakika

Umepata robota la katani kutoka Tanga, umenunua gundi ya epoksi, sasa unataka kuuza ubao mwepesi wa milango. Hongera. Fuata hatua hizi bila kuruka hata moja, na ubao utakuwa mwepesi kupita matarajio yako, maana sehemu yake nzuri itakuwa hewa.

1. Usikaushe. Nyuzi zilizotoka kwenye korona, mashine ya kukwangua majani ya mkonge, zikaanikwa juani huonekana kavu, kumbe bado zina unyevu wa takriban asilimia 10 ya uzito wake. Selulosi hupenda maji, na hemiselulosi huyapenda zaidi. Waoga huzitia kwanza kwenye tanuri. Wewe okoa umeme. Gundi ikipashwa moto ili igande, unyevu utageuka mvuke, na mvuke usiopata pa kutokea hujichimbia chumba humo humo.

2. Usioshe. Nta na mabaki ya jani yaache yalipo, gundi ishindwe kushika na kila uzi uzungukwe na mwanya wake. Wapo wanaoloweka katani katika kostiki soda hafifu ili kuondoa nta na kuufanya uso ukwaruze. Ukilazimika kuwaiga, basi izidishe: soda kali hula hemiselulosi na lignini zinazoshikanisha seli, na uzi wenyewe hulegea.

3. Bana gundi. Katani ni rahisi, epoksi ni ghali, kwa hiyo shindilia nyuzi. Zina kikomo cha kubanana. Ukishakipita, kila konzi unayoongeza huja na nafasi ambazo gundi haitoshi kuzijaza. Usigandamize kalibu wala usinyonye hewa. Haraka zako zina baraka.

4. Usipime kamwe. Kuta za uzi wa katani zina uzito wa takriban gramu 1.45 kwa sentimita moja ya ujazo, na epoksi iliyoganda 1.2. Ubao wenye katani asilimia 40 na gundi asilimia 60 kwa uzito ungepaswa kufika 1.29. Mtu akiupima akapata 1.16, atajua kwamba asilimia 10 ya ujazo wake hukuinunua dukani. Jitetee kwamba kila seli ya uzi wa mkonge huzaliwa na uwazi katikati. Ni kweli, ila asikuulize kuhusu uwazi uliobaki.

5. Epoksi ikikushinda, hamia kwenye saruji. Vigae vya saruji na katani vilijaribiwa nchi nyingi katika miaka ya 1970 na 1980. Maji yaliyomo kwenye vitundu vya saruji yana ukali unaoyeyusha lignini na hemiselulosi, hadi uzi unakuwa mkavu wa kuvunjika. Majivu ya pumba za mpunga yakichukua nafasi ya sehemu ya saruji hupunguza ukali huo, kwa hiyo yakatae katakata.

6. Kata kingo uziache wazi, bila rangi. Masika yakiingia, maji yatafuata nyuzi na mianya yake hadi ndani, ubao utavimba, na kuvu watahamia.

Mteja akirudi na mlango wake begani, mwambie hii ni bidhaa ya asili, inapumua. Hapo hatakupata na kosa la kusema uongo.