Sanduku la Kilo Tisini

Chumba cha giza kina sharti moja tu: mlango ufungwe, watu wabaki nje. Sanduku la chuma la kilo tisini nalo lina sharti lake: bila wanaume sita halisogei, na hapa Dongobesh wanaume sita hawaji mahali bila watoto nyuma yao. Masharti hayo yalikutana uani kwetu siku sanduku lilipoteremshwa kutoka kwenye keria ya basi. Pale mlimani Dareda konda alikuwa amelitoza nauli ya abiria wawili. Tulipofika Bashnet akaongeza ya wa tatu, eti basi limehema sana.

Lilikuwa la fundi mmoja wa kuchapa fulana huko Arusha, akilitumia kuchomea skrini zake. Ndani lina taa nane za miale ya urujuanimno, juu yake kioo kinene, na kifuniko cha mpira chenye pampu ya kufyonza hewa ili karatasi igandamane na kioo. Mimi ni mchapaji wa picha za bluu, na picha hizi hazikuzwi. Negativu inalazwa juu ya karatasi, ukubwa ule ule, kwa hiyo atakaye picha kubwa abebe kioo kikubwa.

Stoo niliyopewa na mama mkwe iwe chumba cha giza, kati ya maharage na vitunguu swaumu, ilikuwa na mlango uliopungua vidole vinne. Lisimamishwe. Lilazwe. Lipakwe mafuta. Jirani yetu mmoja, mzee wa heshima, akakumbusha kwamba Wairaqw wa zamani walichimba nyumba zao ubavuni mwa kilima, udongo hadi paani, adui apite asizione; giza la humo lingenitosha, na sanduku tungelishushia juu.

"Mzee wangu, paa langu ni la bati," akasema mama mkwe. Fremu ya mlango ndiyo iliyong'olewa.

"Linatotoa mayai mangapi?" kijana mmoja akauliza, akijifuta jasho. Nikaeleza kwamba si la vifaranga. Mwaka 1842 Mwingereza John Herschel aligundua kuwa chumvi fulani za chuma, zikipakwa kwenye karatasi na kupigwa na miale ya jua, hutoa bluu ambayo maji hayaitoi. Mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kutoa kitabu chake cha picha za mwani kwa njia hiyo hiyo, na baadaye wahandisi wakachapia ramani zao. Unapaka, unakausha gizani, unachoma kwa mwanga, unasuuza kwa maji ya ndoo.

"Na jua lote hili?"

Swali zuri, na limenifuata kila mahali hadi sokoni. Jua letu ni kali kweli, lakini ukungu wa Julai huwa hauna haraka ya kuondoka, na wingu likikatiza katikati ya kazi unabaki na bibi harusi asiye na bwana.

Nilipowasha, balbu za nyumba nzima zikafifia na pampu ikanguruma. Dakika chache baadaye mama mmoja akasimama mlangoni na debe la mahindi, akauliza kilo moja tunasaga shilingi ngapi.

Wa kwanza kupigwa alikuwa mama mkwe, aliyetaka pasipoti ya kitambulisho. Akaitazama ile karatasi ikining'inia kwenye kamba, bado inachuruzika.

"Ni mimi," akasema. "Ila nimekufa lini?"

Aliyelielewa sanduku mara moja ni binti wa saluni. Aliinama, akachungulia zile taa, akacheka: ni ndugu wa kile kitaa chake cha kukaushia jeli ya kucha, kinachopokea mkono mmoja kwa wakati mmoja. Hapa, akapima kwa macho, wateja wanne wataingiza mikono yote. Akaniuliza bei ya saa moja. Nikamwambia elfu mbili, LUKU juu yake.