Wembe wa Babu na Amani ya Nyumba

Arobaini ya babu yake Baba Salma, mume wangu, ilipokwisha kule Tanga, ndugu waligawana minazi. Baba Salma akachagua wembe wa kukunja, mpini mweusi, chumani umechorwa Solingen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa visu na nyembe. Akaona kawazidi wote akili.

Kipya kinyemi. Viwembe vya dukani vikapigwa marufuku. Akanunua ukanda wa ngozi, akaufunga kwenye kitasa cha mlango wa jikoni, na asubuhi mwenye kutaka chai alisubiri bwana amalize kupitisha wembe juu na chini. Kumbe ngozi hainoi wembe butu; hunyoosha tu makali yaliyokwisha kuwepo. Ule wa babu ulikuwa umelala sandukuni miaka, ukawa unang'oa ndevu badala ya kuzinyoa. Alitoka bafuni machozi yanamlengalenga, akasingizia sabuni.

Yakaja mawe ya kunolea: la 1000 la kutengeneza makali, la 4000 na la 8000 ya kuyalainisha, maana namba ikipanda chembe huwa ndogo zaidi. Bei sikuambiwa, ila ujumbe wa muamala niliuona. La 1000 hulowekwa mpaka liache kutoa mapovu, na kwa kazi hiyo halikufaa beseni lolote ila langu la kuoshea mchele.

Nikiri, kunoa kwenyewe kunapendeza kutazama. Wembe hulazwa bapa, mgongo na makali viguse jiwe kwa pamoja, kwa hiyo mgongo ndio unaopima pembe na mnoaji hakisii kitu. Alichukua kalamu ya wino mzito kwenye begi la Salma, akapaka makali, akasugua kidogo, akainua dirishani. Wino ulitoka ncha na kitako, katikati ukabaki: babu alishapala pale katikati kwa miaka ya kunoa. Kazi ikaanza upya.

Kisha akataka unywele, audondoshe kwenye makali aone kama utakatika. Nilikuwa nimesuka rasta. Alijaribu msuko mzima kabla hajagundua anakata plastiki.

Mama mkwe, aliyekuja kutibiwa macho hospitali, ndiye aliyemstua. "Mwanangu, kwenye ngozi unatanguliza makali? Babu yako alitanguliza mgongo!" Ni kweli: jiweni makali hutangulia, ngozini hufuata nyuma. Tuliugeuza ukanda, umechanwachanwa kotekote.

Mkesha wa Idd el-Hajj shemeji akatafuta pa kunolea kisu cha kuchinjia mbuzi, akalikuta jiwe la 8000, akalichimba mfereji. Jiwe lenye bonde huharibu makali, sharti lisawazishwe kwa msasa uliotandazwa juu ya kitu bapa kabisa. Kitu bapa kabisa nyumbani kwetu ni kioo cha meza ya sebuleni. Wageni wa Idd walikula mkekani.

Siku hizi ananyoa. Mashavu laini, anafuata ndevu zinakoelekea, ngozi kaivuta kwa vidole. Kidevu bado kina plasta. Akimaliza huufuta wembe ukauke, akaupaka mafuta ya nazi usishike kutu, mafuta yangu ya kupikia. Nami nimelitaifisha jiwe la 1000. Visu vyangu vinakata nyanya bila kuiminya, na Baba Salma akilitaka huja jikoni kuomba.