Shokapu ya Upepo Nyumbani Kwetu

Baiskeli ya milimani aliyoituma shemeji yangu kutoka Hamburg ilifika kwetu Kibosho Ijumaa jioni. Kufikia Jumamosi mchana kila mtu nyumbani alikuwa na dawa yake ya kuitibu.

Mwenye mali ni binti yetu. Njia yake ya kushukia Moshi mjini ina mawe, mizizi na mifereji inayokatiza, na baiskeli ile ina shokapu mbele na nyuma, kwa hiyo tulitarajia raha tupu. Akarudi ameshika kiuno. "Mama, kila nikipita kwenye mzizi, siti inanirusha juu!"

Mdogo wangu anaendesha bodaboda, na shokapu anazijua vizuri. Lakini za bodaboda zina springi ya chuma. Hii ya nyuma haikuwa na springi yoyote. Kazi ya springi hufanywa na upepo ulio ndani ya silinda yake. "Upepo umezidi," akasema, na hapo alisema kweli. Kisha akafungua kifuniko cha valvu, akabonyeza kipini cha ndani kwa msumari. Psssss! Upepo ukatoka kwa mkupuo, siti ikashuka, baiskeli ikachutama. Tukaivuta, tukaitikisa, wapi! Haikupanda.

"Mmeshaiua," mama yangu akasema kutoka barazani.

Ilikuwa haijafa. Shokapu ya namna hii ina vyumba viwili vya upepo: kikubwa kinachombeba mpandaji, na kidogo kinachosukuma upande wa pili ili ianze kubonyea kwa ulaini. Ukikimwaga kile kikubwa ghafla, kidogo hubaki na upepo wake na kuing'ang'ania shokapu ikiwa imejikunja. Ndiyo maana upepo hupunguzwa taratibu, huku shokapu ikibonyezwa na kuachiwa ili vyumba vilingane.

Tukaikokota hadi kwa fundi pancha. Akaikagua, akatikisa kichwa. "Mzee, kompresa yangu ni ya matairi. Hiki chumba ni kidogo mno na kinataka presha kubwa. Tafuteni pampu yake."

Mke wangu akampigia kaka yake. "Pampu si nimeiweka kwenye boksi!" akajibu. "Halafu msisahau, niliijaza kwa uzito wangu mimi, kilo 95." Binti yetu ana kilo 55. Hapo tukaelewa kwa nini mtoto alikuwa akirushwa.

Boksi lilikuwa tupu. Mke wangu anamjua kitindamimba wake. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa bibi. Akamkuta amezungusha mpira wa pampu kwenye mkono wa bibi yake, anaisoma geji kwa makini. "Bibi, presha yako ni sifuri!" Mama akatuomba tusubiri kwanza daktari amalize kazi.

Kuanzia hapo binti akashika usukani. Wengi huanza na psi zinazokaribia uzito wa mpandaji kwa ratili, na kilo 55 ni ratili 121. Akapampu kwa vituo, kila kituo akiibonyeza shokapu mara kadhaa, na siti ikainuka yenyewe hadi mahali pake. Geji ilipofika 120 akafungua pampu. Pss! "Inavuja!" mdogo wangu akaruka. Haikuvuja. Uliotoka ni upepo wa ndani ya mpira wa pampu. Na ukiifunga tena pampu, mpira huo hunywa kidogo upepo wa shokapu, geji ikasoma chini ya ulipoacha.

Mke wangu ni fundi cherehani, kupima ndiyo kazi yake. Akamvalisha binti helmeti, viatu na begi lenye vitabu na maji, kwa kuwa uzito unaopimwa ni ule wa njiani. Akakisogeza kipete cha mpira kwenye mhimili wa shokapu mpaka kikagusa sili. Binti akaegemea ukuta, akapanda polepole, akakaa, akashuka bila kujirusha. Rula ikasoma milimita 19. Shokapu ile hubonyea milimita 50 kwa jumla, na mpandaji akikaa tu inatakiwa izame asilimia 25 hadi 30, yaani milimita 12.5 hadi 15. Ilikuwa laini mno.

Kabla upepo haujaongezwa, mdogo wangu akapanda "kujaribu tu", kipete kikakimbilia mwisho.

"Shemeji, shuka," mke wangu akamwambia. "Hii inapimwa kwa mwili mmoja."

Binti akaongeza upepo kidogo kidogo, akipimwa upya kila mara, mpaka rula ikasoma 15. Kisha akageukia kifundo chekundu kinachotawala kasi ya shokapu kurudi. Akashuka ukingo wa baraza akiwa amekaa. Baiskeli ilinesa mfululizo, akakizungusha kuipunguza kasi. Aliporudia, ikanesa mara moja na kutulia.

Msomaji, ukiletewa baiskeli ya namna hii, ulizia pampu ya shokapu kabla hujaipanda. Usivuke kiwango cha juu kilichoandikwa kwenye shokapu. Ikijikunja na pampu ikashindwa kuiinua, usiifungue mwenyewe, kwa maana upepo uliobaki ndani unaweza kukujeruhi. Mpelekee fundi anayezijua. Na ikimpata mwenye uzito mwingine, ipime upya.