Usiulize Soksi Ziko Wapi: Mwongozo wa Baba Mwenye Zamu

Mwongozo huu ni wa baba mwenye watoto wawili, mmoja wa chekechea na mwingine aliyejua kutembea juzijuzi na sasa anakimbia. Hauhitaji kipaji. Unahitaji magoti yanayokubali kukunjika, shati usilolionea uchungu, na nia ya kuliacha swali moja ambalo akina baba wengi wamelizoea mno: "Mama watoto, soksi ziko wapi?"

Kuvalisha soksi ni kazi ya dakika moja. Kujua kwamba zimebaki jozi mbili safi, kwamba moja bado mbichi kwenye kamba, na kwamba kesho ni Jumatatu, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Baba anayevalisha huku akiuliza amemwachia mama sehemu iliyo nzito zaidi: kukumbuka. Kwa hiyo kila hatua hapa chini ina sharti moja: ifanye tangu mwanzo hadi mwisho, na kichwa chako kiwemo.

Hatua ya kwanza: Kagua ghala

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 humpa baba likizo yenye malipo isiyopungua siku 3, ichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, baba hupata wiki 2. Kote ni chache, nasi tuna haki ya kudai zaidi. Lakini hizo ulizopewa zisiishie kupokea wageni na kufungua soda. Zunguka nyumba yako kama mgeni aliyekabidhiwa funguo. Beseni la mtoto ni lipi? Kanga laini ziko rafu ya ngapi? Kadi ya kliniki inakaa wapi?

Hiyo kadi isome. Ina mstari wa uzito unaopaswa kupanda mwezi hadi mwezi, na ina tarehe za chanjo. Tanzania chanjo ya surua na rubela hutolewa mara mbili, mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18. Ile ya pili ndiyo rahisi kusahaulika, maana mtoto ameshachangamka na hakuna anayeiwaza kliniki. Iweke kwenye simu yako.

Hatua ya pili: Asubuhi

Gari la shule linapita saa kumi na mbili na nusu, na dereva akipiga honi mara mbili ameondoka. Anza mapema kuliko unavyoona inatosha, kwa sababu mtoto wa miaka minne hana asubuhi fupi. Atataka kufunga vifungo mwenyewe. Mwache afunge. Cha tatu kitaingia tundu la nne, atagundua, atafungua, ataanza upya. Dakika hizo zihesabu ndani ya ratiba tangu jana usiku. Ukizihesabu, hutafoka, mara nyingi tunachokiita utundu ni saa yetu iliyobana.

Uji upoze kwa kuumimina kutoka kikombe kimoja kwenda kingine. Akidai kikombe chekundu, mpe chekundu. Siku yake nzima imepangwa na wengine: saa ya kuamka, nguo, chakula, gari. Kikombe ndicho sehemu yake ya utawala. Kwenye nguo fanya vivyo hivyo, mpe achague kati ya mbili, usimpeleke mbele ya kabati zima.

Viatu kuvaliwa kinyume kuna dawa yake. Chukua stika moja kubwa, ya simba au ya ua, ikate katikati, nusu ibandike ndani ya kiatu cha kushoto na nusu ndani ya cha kulia. Picha ikikamilika, viatu viko sawa. Atavipanga mwenyewe na atakuita uje uone. Nenda ukaone.

Hatua ya tatu: Nywele

Ikiwa una binti na shule yao inaruhusu kusuka, usianze na twende kilioni. Anza na mabutu mawili. Lowesha nywele kidogo, paka mafuta, tumia chanuo cha meno mapana. Anzia nchani, ukipanda polepole kuelekea kwenye shina, na mkono wako mwingine ushike nywele karibu na ngozi ili mvuto uishie mkononi mwako, usifike kichwani mwake. Hapo ndipo siri yote ilipo. Mtoto anayelia akichanwa huwa anavutwa ngozi. Gawa njia ya katikati kwa mkia wa chanuo, funga upande mmoja, kisha mwingine. Butu moja likitokea juu na jingine chini, fungua urudie. Mikono hujifunza kwa kurudia.

Hatua ya nne: Kutoka na mbeleko

Mdogo mfunge mgongoni. Inama, mlaze mgongoni, pitisha kanga chini ya makalio yake, ivute juu ya mabega yake, kaza mbele. Magoti yake yakumbatie kiuno chako na uso wake uwe wazi apumue. Kisha nenda dukani kama kawaida.

Utakutana na bibi wa jirani. "Baba, mama yao yuko wapi?"

"Shikamoo bibi. Yuko kazini. Leo niko nao mimi."

"Marahaba. Haya, njoo nikukazie, huyo anaserereka."

Geuka akukazie. Bibi huyu amebeba wengi na anajua fundo linakaa wapi. Wapo watakaokupongeza kwa "kumsaidia mama". Wajibu kwa adabu kwamba ni wanao. Na vijana wa kijiweni wakitazama, watazame vizuri. Nao watakuwa baba, na ni heri wawe wameshaona inavyofanyika.

Hatua ya tano: Harage puani

Siku moja utachambua maharage, ugeuke, moja liwe ndani ya pua. Usiingize kidole wala njiti, utalisukuma ndani zaidi. Usitie maji, harage huvimba likilowa. Kama mtoto anajua kupenga kamasi, ziba tundu lililo wazi umwambie apenge kwa nguvu. Halikutoka, kituo cha afya. Ila kikiwa ni kile kibetri cha duara kama kifungo, kinachokaa kwenye rimoti na midoli, usijaribu lolote: kimbilia hospitali papo hapo, kwa sababu hicho huunguza nyama ndani ya saa chache. Ni hivyo hivyo akikimeza.

Na akiharisha? Pakiti ya ORS iwepo nyumbani kabla ya kuhitajika. Soma maelezo yake. Ile iliyozoeleka huchanganywa kwenye lita 1 kamili ya maji safi na salama, si kwenye kikombe kwa kukisia. Mpe kidogo kidogo, na dawa ya zinki aimalize siku zote alizoandikiwa, hata kama kuharisha kumekoma. Homa katika maeneo yenye malaria ni ya kupimwa siku hiyo hiyo. Na nesi akiuliza homa ilianza lini na mtoto ana kilo ngapi, wewe ndiye unayejibu.

Hatua ya sita: Maswali

"Baba, kwa nini mwezi unatufuata?"

Zima redio. Mwambie mwezi uko mbali sana, kama kilomita 384,000, na tunapotembea vya karibu hurudi nyuma upesi, mnazi ule, nguzo ile, lakini cha mbali hivyo hakionekani kusogea, ndiyo maana tunahisi uko nasi. Atatafakari kidogo, kisha atauliza kama mwezi una choo. Hilo nalo lijibu kwa heshima ile ile. Usilolijua, sema, "Sijui, tutatafuta," kisha mtafute kweli. Mtoto anayejibiwa leo kuhusu mwezi, kesho ataleta mambo mazito zaidi kwako, kwa kuwa anajua mlango uko wazi.

Hatua ya saba: Jioni

Maji ya kuoga yapime kwa kiwiko. Kiganja kimezoea moto. Dawa ya meno yenye floraidi, aliye chini ya miaka 3 mwekee kiasi cha punje ya mchele, kuanzia miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Mpige mswaki wewe, hata akisema anajua.

Kisha usingizi. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2019, linataja saa 10 hadi 13 kwa siku kwa mtoto wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwemo. Piga hesabu: anayeamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akilala saa mbili usiku amepata saa tisa na nusu. Iliyobaki aipate mchana, au alale mapema zaidi. Ndiyo maana taarifa ya habari si ya kumsubirisha.

Hadithi ni ile ile ya sungura na fisi. Usiibadilishe ukidhani amechoka nayo. Anapokukatiza kukuambia fisi huanguka shimoni kabla ya kula mahindi, si baada, anafurahia kuwa anajua kinachokuja. Paukwa, aitikie pakawa, mwendelee.

Mtihani

Kaa na karatasi, simu iwe mbali, ujibu: Anavaa kiatu namba ngapi? Mwalimu wake anaitwa nani? Kliniki ijayo ni lini? Chakula gani humwasha ngozi? Anamwogopa nani shuleni? Nguo ipi imeanza kumbana? Kilichomliza juma hili ni nini?

Anayepita anaweza kuachiwa nyumba wiki nzima na mama akasafiri bila simu kuita. Uliyeshindwa, usijilaumu na wala usimpigie mama yao akupe majibu. Chagua swali moja, anza nalo leo jioni: mketishe mtoto, shika kiatu chake, kigeuze usome namba. Kesho fuata la mwalimu.